Nyumba ya Mbarouk na Wakili wa Wakimbizi

Mbarouk Shaame alikuwa dereva wa tramu Croydon, na sisi Wapemba wa London tulilijivunia jambo hilo kuliko alivyolijivunia yeye. Basi la abiria hata mlevi anaweza kuliendesha, na wengine huliendesha. Tramu ina reli yake, haimpishi mtu, na dereva wake hukaa peke yake ndani ya kijumba cha kioo kama kadhi. Kazi ile ilimfaa Mbarouk, kwa sababu naye alikuwa mtu wa njia moja. Akishakuamini, amekuamini. Kinyozi aliyemnyoa siku za mwanzo alipofika Uingereza ndiye aliyeendelea kumnyoa, hata mzee huyo alipopata maradhi ya kutetemeka mikono. Mbarouk alitoka pale na kichwa chenye mabaka, akatwambia kwamba ndiyo mtindo.

Mkewe, Ummukulthum, alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na hulka yake ilikuwa nyingine. Yeye aliuliza. Akenda kununua samaki, alimuuliza muuzaji samaki kavuliwa lini, na akishajibiwa alimfunua samaki mashavu akamuuliza samaki mwenyewe.

Walikaa miaka mingi katika vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la kuku wa kukaanga. Ukuta wa chumba cha kulala uliota ukungu mweusi uliorudi kila ukisuguliwa, na mwenye nyumba alikuwa na dawa moja ya kila maradhi: fungueni madirisha. Binti yao Zainab, aliyezaliwa hapa na kuelewa kila neno la Kiswahili lakini akajibu kwa Kiingereza, alikuwa keshaingia chuo. Akiba ikatosha, benki ikakubali kuwakopesha, nao wakapata nyumba New Addington, mwisho kabisa wa reli ya tramu. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali yenye bustani nyuma na chumba cha ziada kilichoungwa jikoni. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kiingereza, Bibi Doreen, aliyetaka kuhamia pwani kwa mwanawe.

Dalali wa nyumba, kijana mwenye viatu vilivyochongoka kama kalamu, aliwapa mkono wa pongezi kisha akasema, "Sasa nipeni jina la solisita wenu."

Hapa Uingereza hununui nyumba kwa mashahidi wawili na fatiha. Kila upande lazima uwe na wakili wa kuandikisha nyumba, huyo wanayemwita solisita. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayeuza ndiye mwenye nyumba, kwamba jirani hana haki ya kupita jikoni kwako, na kwamba kaunsili, yaani halmashauri ya mji, haina nia ya kupitisha barabara sebuleni. Ukimpata mzuri, humsikii mpaka siku ya ufunguo. Ukimpata mbaya, humsikii mpaka siku ya Kiyama.

"Kama hamna," dalali akaongeza, "sisi tunao wa kwetu. Wateja wote huwatumia hao."

"Wanakulipa kwa kuwapelekea wateja?" Ummukulthum aliuliza.

Kijana akatazama viatu vyake. "Kuna utaratibu fulani," alisema.

"Usisumbuke," akasema Mbarouk. "Wakili ninaye."

Ummukulthum akamgeukia mumewe taratibu. Alimjua wakili huyo. Sote tulimjua.

Bwana Jaswant alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri na ofisi juu ya duka la simu, karibu na jengo kubwa la uhamiaji la Croydon. Mbarouk alipokuja nchi hii baada ya yale ya Januari 2001, damu ilipomwagika Pemba na watu wakakimbilia Mombasa, ombi lake la ukimbizi lilikataliwa. Aliyesimama mbele ya jaji akalipigania mpaka likakubaliwa ni Jaswant. Alizungumza kwa sauti iliyotikisa vioo, akasema mambo juu ya Mbarouk ambayo Mbarouk mwenyewe hakuyajua, na Mbarouk akalia. Tangu siku hiyo, kila Idi alimpelekea haluwa. Jaswant alikuwa na sukari, daktari alishamkataza vitu vitamu, lakini aliila mbele ya Mbarouk kwa heshima, kisha jioni akala vidonge.

Basi Mbarouk akapanda ngazi za juu ya duka la simu, haluwa mkononi, ingawa haikuwa Idi.

"Bwana Jaswant, nimekuja. Nina kesi."

"Nani ameshikwa?" Jaswant akauliza, akivuta kalamu.

"Hakushikwa mtu. Nanunua nyumba."

Jaswant akaishika kalamu hewani. Miaka hiyo serikali ilikuwa imepunguza fedha za kuwalipia wasiojiweza mawakili wao, na chumba chake cha kungojea, ambacho zamani watu walikaa hadi kwenye ngazi, sasa kilikuwa na viti vitupu na mmea wa plastiki. Akakitazama chumba kile kupitia mlango ulio wazi, akaitazama haluwa, akamtazama Mbarouk, aliyekuwa akimtazama kama mtu anavyotazama kibla.

"Nyumba," alisema. "Haya basi. Tutapigana."

Mbarouk alipofika kwake aliisimulia habari hiyo kwa furaha, na Ummukulthum akaweka chini kisu cha vitunguu.

"Tutapigana na nani?" aliuliza. "Bibi wa watu kakubali kuuza."

"Ni namna ya kusema tu."

"Ulimuuliza kesha kununulisha nyumba ngapi?"

"Mtu aliyeniokoa mimi nimuulize suala kama hilo? Nimuombe na cheti cha skuli?"

Ummukulthum alirudia vitunguu. Lakini Jumapili iliyofuata, watu wa jumuiya walipokutana Barking kama kawaida yao, hakukaa na wenziwe kukatakata saladi. Alizunguka ukumbi mzima akiuliza mtu mmoja mmoja: wewe wakili wako wa nyumba ulimchaguaje?

Majibu aliyoyapata yangeweza kuwekwa makumbusho. Mmoja alimchagua wakili wake kwa sababu alimuona akisali safu ya mbele, na baadaye akagundua kwamba mtu yule si wakili, ni fundi wa mazulia aliyependa kuvaa suti. Mwengine alimpata kwenye kompyuta, wa bei ya chini kabisa, kampuni ya mji wa mbali ambako kila akipiga simu alipokewa na muziki. Alishaujua muziki ule wote, na mwanawe mdogo alikuwa akilalia huo. Bwana Alnashir, Mdaresalama mwenye duka la dawa aliyepewa nafasi ya mbele katika kila shughuli yetu kwa sababu alikuwa na gari la kifahari, alisema kigezo chake ni kiyoyozi.

"Ukiingia ofisini kwake ukasikia baridi, kaa. Ukisikia joto, ondoka."

"Na huyo wa baridi alikufanyia nini?"

"Nyumba haikupatikana," alisema Alnashir. "Lakini alinipa kahawa nzuri sana."

Kilichomshangaza Ummukulthum ni kwamba kila mmoja alimsifu wakili wake. Waliopoteza nyumba walisifu upole wake, waliocheleweshwa mwaka mzima walisifu tabasamu lake. Mtu mmoja tu alilalamika, mama wa Wete aliyekuwa akipakua wali.

"Nenda popote, mwenzangu, ila usende kwa Kokila wa hapa Barking. Mwanamke ana mdomo. Nilipenda fleti, nina furaha zangu, akanambia fleti hiyo haki ya kukaa imebaki miaka michache, baada ya hapo inarudi kwa mwenye ardhi, na hakuna benki itakayonigusa. Kanikata maini."

"Alikuwa anasema kweli?"

"Kweli alisema. Lakini si kwa lugha ile."

Ummukulthum aliomba anwani.

Ofisi ya Kokila ilikuwa baina ya duka la kucha za bandia na duka la kurekebisha viatu. Hakukuwa na kiyoyozi wala kahawa. Kulikuwa na mwanamke mtu mzima aliyevaa sweta juu ya sari, na mafaili yaliyopangwa kwa mstari ulionyooka. Alipomsikia Ummukulthum akimjibu Zainab kwa simu, alivua miwani.

"Wewe wa Pemba wapi?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Wete."

"Mimi wa Chake. Baba alikuwa na duka la nguo. Baada ya Mapinduzi tukaondoka, mimi mdogo."

Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa Chake Chake, kilichosimama pale pale alipopanda meli. Alisema kama wanavyosema wasichana wa skuli, na lugha hiyo ya kitoto, ikitoka kwa mtu mwenye mvi na uso mkavu vile, ilimfanya Ummukulthum akae chini kabla hajakaribishwa.

"Nikikupa kazi, nani atakayelishika faili langu?" aliuliza.

"Mimi."

"Ukiumwa?"

"Daksha, yule pale. Anajua kila kitu ninachokijua mimi, isipokuwa kukasirika."

"Nikikupigia simu?"

"Asubuhi nasoma, sipokei. Mchana napokea. Ukinipigia kila siku nitakuchukia, lakini nitapokea."

"Benki yetu inakutambua?"

Kokila akainua nyusi. "Nani kakufundisha kuuliza hilo? Watu huja hapa kuniuliza nyota yangu. Ndiyo, nimo katika orodha yao. Kila benki ina orodha ya mawakili inaowakubali, na asiyekuwemo hata akiwa malaika hawampi fedha. Bei yangu si rahisi, nakwambia mapema. Ila habari mbaya natoa bure."

Ummukulthum akacheka, mara ya kwanza tangu mambo ya nyumba yaanze. Kisha akasema, "Taabu yangu moja. Mume wangu ana wakili. Bwana Jaswant wa Croydon."

Kokila alizifuta lenzi za miwani yake kwa pindo la sari, polepole.

"Jaswant ni wakili mkubwa," alisema. "Nikifungwa, nitamwita yeye. Nikinunua kabati, sitamwita."

Kule Croydon, vita vilikuwa vimeanza. Jaswant alijua namna moja tu ya kuendesha kesi, na namna hiyo ilikuwa imewashindia kesi watu mia na ushei. Alimkalisha Mbarouk mchana mzima kuandika maelezo yake. Eleza mahali unapoishi sasa. Eleza kwa nini huwezi kuendelea kuishi hapo. Eleza kama umewahi kuomba ulinzi kwa wenye mamlaka, na walikujibu nini. Mbarouk alieleza ukungu na harufu ya kuku, akaeleza madirisha, na Jaswant akaandika kwamba mteja wake ana hofu ya kweli na ya msingi ya kurudishwa juu ya duka la kuku. Kisha akamwandikia wakili wa Bibi Doreen barua kali, akimtaka athibitishe nia ya mteja wake, na kumuonya kwamba iwapo nyumba hiyo itakataliwa, suala litapelekwa katika mahakama za juu, na ikilazimu, Strasbourg, kwenye mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya iliyoko Ufaransa.

Wakili wa Bibi Doreen hakujibu, kwa sababu hakujua ajibu nini. Jaswant aliuchukulia ukimya ule kama kawaida ya serikali na akaandika barua kali zaidi.

Halafu akamtayarisha Mbarouk kwa mahojiano. Mbarouk alikuwa amemwambia kwamba Jumamosi wanakwenda kwa Bibi Doreen kupima mapazia, na Jaswant akaona hatari.

"Watakuuliza swali moja kwa njia tatu," alisema. "Wanatafuta mahali ambapo unajipinga. Jibu kidogo. Ukishajibu mara moja, sema: kama nilivyoeleza katika maelezo yangu."

Jumamosi ile Bibi Doreen aliwafungulia mlango akiwa na kitambaa cha sahani mkononi. Aliwaandalia chai na biskuti. Ummukulthum alipanda juu na utepe wa kupimia. Mbarouk akaachwa sebuleni, ameketi wima kwenye ncha ya kochi, mikono juu ya magoti.

"Mnapenda kuhamia lini?" Bibi Doreen aliuliza kwa upole.

"Kama nilivyoeleza katika maelezo yangu," akajibu Mbarouk.

"Mna watoto wangapi?"

Mbarouk alifikiri. Alimjua mtoto wake, lakini alitaka jibu lisilojipinga. "Mmoja," alisema, akataja na tarehe ya kuzaliwa na jina la hospitali.

Bibi Doreen akaacha kuuliza. Ummukulthum aliposhuka aliwakuta kila mmoja akimuogopa mwenzake, na biskuti hazijaguswa. Njiani kurudi, ndani ya tramu iliyoendeshwa na mwenzake Mbarouk, alimuuliza mumewe kulikoni. Mbarouk alimweleza, kwa majivuno kidogo, jinsi alivyosimama imara.

"Umemjibu bibi wa watu kama unamjibu afisa wa uwanja wa ndege," alisema Ummukulthum.

"Jaswant kasema."

"Jaswant kasema. Na mimi nasema tutaikosa nyumba ile."

Walikuwa karibu kuikosa. Wiki iliyofuata dalali alipiga simu, sauti imempungua. Mambo mawili yalikuwa yamefika siku moja. Benki ilisema haimtambui Bwana Jaswant katika orodha yake na haitampelekea hata senti. Na Bibi Doreen, aliyesomewa barua za Jaswant na wakili wake, alilia, akauliza kama kweli yeye mwenyewe atapelekwa Ufaransa. Kama hapatapatikana wakili wa nyumba hasa kabla ya mwisho wa wiki, nyumba ingeuzwa kwa mtu mwengine.

Mbarouk alikaa mezani, sare yake ya kazi mwilini, hata kofia hakuvua.

"Mwambie Jaswant basi," alisema Ummukulthum. "Mwambie benki imekataa. Si wewe uliyekataa."

"Siwezi."

"Ni maneno machache tu."

"Ummu, mimi nilikuwa sina jina hapa. Nilikuwa nambari. Yeye ndiye wa kwanza kuniita Bwana. Leo nimwambie hatoshi? Bora nyumba ipotee."

Zainab, aliyekuwa akisoma pembeni, alisema kwa Kiingereza kwamba baba yake anachanganya shukrani na mkataba. Mbarouk alimwambia avae viatu akanunue maziwa. Maziwa yalikuwepo, na wote watatu walijua, lakini Zainab alikwenda.

Kesho yake Ummukulthum alibadilishana zamu na mwenzake, akapanda ngazi za juu ya duka la simu. Hakubeba haluwa. Alibeba chupa ya chai ya tangawizi isiyo na sukari, kwa sababu alifanya kazi na wazee na alishaona jinsi Jaswant anavyokunywa maji kila wakimtembelea Idi.

Jaswant alimpokea kwa makini ya mtu anayengojea hukumu. Walikunywa chai. Kwenye kabati kulikuwa na vitabu vikubwa vya sheria ya uhamiaji, na juu ya meza, chini ya gazeti, Ummukulthum aliona pembe ya kijitabu chenye rangi rangi, cha kuwaelekeza wanunuzi wa nyumba ya kwanza. Kilikuwa kile kile kinachogawiwa bure maktaba. Jaswant aliona alichokiona, akalisogeza gazeti.

"Bwana Jaswant," alisema Ummukulthum, "mara ya mwisho ulipoandikisha nyumba ilikuwa lini?"

"Sijawahi, mama," alisema Jaswant. "Nilifanya mtihani wake, nikiwa kijana. Nilifaulu kwa taabu."

"Kwa nini hukumwambia?"

Jaswant alizungusha kikombe chake. "Wateja wangu nikishawashindia, wanaondoka. Na ni sawa, nani anataka kukumbuka ofisi hii? Wengine wakiniona barabarani wanavuka upande wa pili. Yeye peke yake anarudi. Akaja na ile haluwa, akasema wakili ni wewe. Ungekuwa ni wewe, ungesema hapana?"

"Ningesema."

"Ndiyo," akakiri Jaswant. "Wewe ungesema."

Akamweleza kwamba usingizi umempotea kwa wiki nzima, kwamba neno rehani akilisikia moyo unamwenda mbio, na kwamba barua ya Strasbourg aliiandika siku aliyokata tamaa, kwa sababu ndiyo barua pekee aliyoijua kwa moyo. Ummukulthum alimtajia Kokila. Jaswant akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Kokila ni mkali," alisema. "Vizuri sana. Lakini usimwambie Mbarouk kwamba nimeshindwa. Niachie mimi."

Jioni, kabla ya Magharibi, simu ya Mbarouk ililia. Alisimama kuipokea, kama alivyosimama siku zote kwa Jaswant.

"Mbarouk," sauti ilisema, na ilikuwa ile sauti ya kutikisa vioo, "kesi yako imekomaa. Imefika mahali ambapo wakili wa kawaida hawezi kuendelea nayo. Nimeamua kuipeleka kwa bingwa. Yuko Barking. Hakubali kila mtu, lakini kwako atakubali."

Mbarouk alikata simu, uso unamng'aa. "Imepanda ngazi," alimwambia mkewe. "Kesi yangu."

"Alhamdulillahi," alisema Ummukulthum, akageukia sufuria.

Walipofika kwa Kokila, Mbarouk alikuwa amevaa koti alilovaa mbele ya jaji. Akaanza, "Nadhani Bwana Jaswant kakueleza uzito wa kesi hii."

"Kesi siijui," alisema Kokila. "Nina nyumba ya matofali yenye chumba cha nyuma kilichojengwa bila kibali cha kaunsili, na ukuta wa kati umebomolewa na mtu asiyejulikana. Mlikiona chumba hicho?"

"Nilikiona," alisema Mbarouk. "Nimekipenda."

"Nani kakijenga?"

Mbarouk alifungua mdomo kusema yale yale ya kama nilivyoeleza, akaufunga. "Sijui," alisema.

"Jibu zuri. Na mimi sijui, nitauliza. Pengine kitasimama miaka mia, pengine kitakuangukia ukikaanga mandazi. Kabla sijajua, hakuna kutia saini. Ukinikasirikia, kasirika, lakini kaa kwenye kiti."

Mbarouk alikaa kwenye kiti. Baadaye alitwambia kwamba hakuwahi kukutana na mtu mwenye adabu mbaya kiasi kile, na kwamba alipotoka mle ndani, kwa mara ya kwanza tangu waanze kutafuta nyumba, alijua nini hasa anachokinunua.

Kokila alimpigia wakili wa Bibi Doreen simu, hakuandika barua. Aliuliza kuhusu chumba. Ikabainika kilijengwa na marehemu mume wa Bibi Doreen mwenyewe, aliyekuwa mwashi, miaka mingi iliyopita, na kwamba alikijenga imara kuliko nyumba yenyewe lakini hakupenda makaratasi. Mhandisi alitumwa akakigonga kila upande akasema hakina neno. Kaunsili ikasema kwa umri ule haina tena la kudai. Bibi Doreen akakubali kupunguza bei kidogo, na Kokila akachukua bima ndogo ya kufunika lililobaki.

Siku hizo hizo Ummukulthum alimpeleka Mbarouk New Addington kumuomba radhi mjane. Mbarouk alikwenda kwa shingo upande. Alikuwa hajawahi kuzisoma barua za Jaswant. Alikubali tu ziende. Bibi Doreen alimpa ile ya Strasbourg aisome, naye akaisoma akiwa amesimama katikati ya sebule, midomo ikimchezacheza.

"Mimi sikusema hivi," alisema mwishowe. "Mimi nilisema ukutani mwangu kuna ukungu."

"Mume wangu alikuwa na mwanasheria kama huyo," alisema Bibi Doreen. "Kwa ajili ya uzio tu. Tulinuniana na jirani mpaka alipokufa." Akawaambia wakae, na safari hii Mbarouk alikula biskuti, akamuuliza mumewe alikuwa mwashi wa wapi, na wakazungumza juu ya saruji mpaka chai ikapoa.

Siku ya kukabidhiwa nyumba Mbarouk alikuwa kazini. Dereva wa tramu hapokei simu, kwa hiyo Kokila alimpigia Ummukulthum. "Yenu," alisema, akakata. Kwa dalali mwenye viatu vya kuchongoka Ummukulthum alipewa funguo na ombi la kumsifu kwenye mtandao. Akamuuliza amsifu kwa lipi hasa, na kijana akasema basi, hapana haja.

Akiwa ofisini kwake, Jaswant alishaanza kusema, kwa kila aliyeuliza habari za nyumba, kwamba yeye hushughulikia hatua za mwanzo tu. Wateja watatu wa jumuiya walimwendea, naye akawapeleka Barking kwa uso wa mtu anayetoa rufaa kwa daktari bingwa. Kokila alimtumia ujumbe mfupi wa shukrani ukiwa na ombi kwamba hao watakaofuata asiwaandikishe maelezo.

Mbarouk alimaliza zamu yake alasiri. Alishuka kituo cha mwisho akiwa na sare yake, akapita njia ya pembeni, akafika mbele ya mlango wa kijani. Ummukulthum na Zainab walikuwa juu wakifungua maboksi, na dirisha lilikuwa wazi. Walimuona amesimama kwenye ngazi ya mlangoni. Alivua kofia, akaweka nywele sawa, akabonyeza kengele, kisha akarudi nyuma hatua moja kungojea.

"Baba," alisema Zainab kutoka dirishani, na alisema kwa Kiswahili, "mbona unapiga hodi?"

Mbarouk akainua kichwa. "Sina ufunguo."

"Mlango haukufungwa," alisema Ummukulthum. "Sukuma."

Alitazama kulia na kushoto, kama mtu anayeangalia kama pana mwenye nyumba karibu. Halafu akausukuma mlango. Walimsikia akisimama ukumbini, akivua viatu, akivipanga ukutani, akivipanga tena mahali pengine.